Ubishi wa Mario Kart: Bishania Kanuni, Usibishanie Gemu

Waulize watu watano waliokulia kwenye Mario Kart toleo lipi ni bora, na jioni yako imekwisha. Mmoja atasema hakuna kama Double Dash ya mwaka 2003. Wa pili haambiliki kitu juu ya ile ya Wii ya 2008. Mwingine, ambaye kwa kawaida ndiye mdogo kuliko wote, atashangaa kwa nini watu wazima wanagombania mashine zilizokwisha kufungiwa kabatini wakati Mario Kart 8 Deluxe ipo pale kwenye televisheni na inafanya kazi. Kila mmoja ana hoja, lakini hoja hizo hazikutani popote. Huyu anazungumzia barabara za mbio, yule anazungumzia silaha, na kuna mmoja ambaye, ukimsikiliza vizuri, anazungumzia utoto wake tu.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote humu ni namna ya kuutumia. Acheni kubishania gemu nzima. Chagueni kanuni moja, iwe ni jinsi ya kudrifti, idadi ya silaha unazoweza kubeba, sarafu au lile gamba la buluu, muifuate kutoka toleo hadi toleo, na kila mnapofika muulize imewekwa pamoja na kanuni zipi. Katika mfululizo huu kanuni haijawahi kuishi peke yake. Jambo linalokera katika toleo moja linaweza kuvumilika kabisa katika jingine, na mara nyingi si lenyewe lililobadilika, ni jirani yake.

Tuanze na gamba la buluu, maana tusipoanza nalo litatufuata lenyewe.

Kwa asiyelijua: ni gamba la kobe ambalo aliye nyuma akilirusha humtafuta anayeongoza na kumgonga, popote alipo. Katika Super Mario Kart ya 1992, gemu ya kwanza kabisa, halikuwapo. Lilikuja na Mario Kart 64, iliyotoka Japani mwishoni mwa 1996, na wakati huo lilikuwa linabiringika barabarani likimpiga yeyote aliyekaa kwenye njia yake. Double Dash ikalipa mabawa: likapaa juu ya vichwa vya watu wote, likamshukia wa kwanza na kulipuka. Katika Mario Kart 7 ya 2011 likarudi chini. Kisha mwaka 2014, katika Mario Kart 8 ya Wii U, ikaletwa honi. Ukiipiga wakati gamba linakuzunguka juu ya kichwa, linavunjika vipande na wewe unaendelea na safari.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba gamba la buluu ni uonevu, usimjibu haraka. Muulize gamba lipi. Kwenye 64 hata aliyekuwa wa nne alikuwa na sababu ya kuliogopa, na aliyelirusha alinufaika kidogo, kwa kuwa lilimsafishia njia. Kwenye Double Dash na Wii aliyelirusha akiwa wa saba hapati karibu chochote. Anayechekelea ni wa pili, ambaye hakufanya kazi yoyote. Huo, kwangu mimi, ndio udhaifu halisi wa gamba lenye mabawa: si kwamba linamwadhibu aliye mbele, bali kwamba linamlipa mtu asiyehusika. Ukiijenga hoja yako hivyo, umetoka kwenye malalamiko na umeingia kwenye mjadala. Anayelitetea naye ana la kusema. Bila gamba hilo, mchezaji hodari akishachomoka mbele katika mzunguko wa kwanza, wengine wote wanabaki kushindania nafasi ya pili, na sebule inapoa.

Honi nayo usiihesabu kama dawa kamili kabla hujatazama jirani yake, yaani kanuni ya kubeba silaha. Hapa ndipo watu wengi hupotezana. Katika 64 na ile ya Wii uliweza kukokota ganda la ndizi nyuma ya kigari kama ngao, huku mkono ukiwa huru kuchukua silaha nyingine. Katika Mario Kart 8 ya Wii U kitu ulichokikokota kilihesabiwa kuwa ndicho silaha yako, na nafasi ilikuwa moja tu. Basi ukipata honi ulilazimika kuchagua: uitunze kwa ajili ya gamba la buluu ambalo huenda lisije, au ubebe ndizi itakayozuia magamba mekundu ambayo hakika yanakuja. Ukiongeza kwamba toleo hilohilo lilikuwa likiwapa walio mbele sarafu kama silaha, unaelewa kwa nini watu walikuwa wakirusha padi kwenye kochi. Unaongoza, nyuma kuna watu wanakutafuta roho, unafungua kisanduku, unapewa sarafu.

Toleo la 8 Deluxe, lililotoka 2017 kwa ajili ya Switch, likaweka nafasi mbili. Honi ni ileile na sarafu ni ileile, lakini sasa unaweza kukokota ndizi na kuweka honi akiba. Hata hivyo kuna mtego: silaha zinatumika kwa mpangilio ulioziokota, huwezi kuzibadilisha nafasi. Honi ikiwa ya pili, lazima kwanza uitupe ndizi. Mwenye kujua hili akiona alama ya gamba la buluu kwenye skrini, anaachia ndizi mapema na kukaa tayari. Asiyejua anabonyeza kitufe dakika ya mwisho, ndizi inadondoka nyuma, gamba linamlipua, na usiku huo atawaambia watu kwamba honi haifanyi kazi.

Kama mna 8 Deluxe iliyosasishwa, ubishi huu una kipimo. Sasisho la mwishoni mwa 2022 liliongeza uwezo wa kuchagua silaha zipi ziwepo na zipi zisiwepo mnaposhindana wenyewe. Liondoeni gamba la buluu peke yake, mcheze mbio kadhaa, kisha mlirudishe na mcheze idadi ileile kwenye barabara zilezile. Msiangalie nani ameshinda tu. Angalieni wa kwanza na wa pili walimaliza wakiwa wamepishana kiasi gani, na kama aliyeongoza mzunguko wa kwanza ndiye aliyeongoza wa mwisho. Mkiwa na kijana anayependa kuandika namba, mpeni daftari. Hoja iliyoandikwa hivyo ina uzito kuliko kelele za mtu aliyelipuliwa hatua tano kabla ya mstari.

Lakini gamba la buluu, kwa kelele zake zote, si kanuni yenye utajiri mkubwa. Ninayoiona kuwa tajiri zaidi haina picha wala jina kwenye skrini. Ni swali hili: mchezaji hodari afanye nini barabara inaponyooka?

Kwenye kona kazi ipo. Unadrifti, unajenga cheche, unaachia, unapata turbo ndogo inayokusukuma mbele. Barabara ikinyooka hakuna kazi. Unashikilia kitufe cha mafuta na kusubiri kona ijayo, na mtu mwenye miaka ya mazoezi anakwenda sawasawa na mgeni aliyeshika padi jana. Wachezaji hodari hawakulipenda hilo hata siku moja. Ukiufuata mfululizo huu kwa jicho hilo, utaona kwamba karibu kila toleo waligundua, au walipewa, namna ya kujaza ule ukimya.

Katika 64 turbo ndogo ilipatikana kwa kuyumbisha kijiti kushoto na kulia ukiwa katikati ya kudrifti, moshi wa matairi ukibadilika rangi hadi uive. Double Dash ikaendelea na utaratibu huo. Ilipofika Mario Kart DS ya 2005, watu wenye vidole vyepesi walikuwa wameshaelewa kwamba hakuna aliyesema lazima kuwe na kona. Unadrifti kushoto kwenye barabara iliyonyooka, unayumbisha, unaachia, unadrifti kulia, unayumbisha, unaachia, na unakwenda nyokanyoka namna hiyo tangu taa za kuanzia hadi mwisho, turbo baada ya turbo. DS ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika mfululizo huu kuchezwa mtandaoni, kwa hiyo bingwa wa familia alikutana kwa mara ya kwanza na mgeni kutoka nchi nyingine aliyempita kama amesimama. Wengine waliita wizi. Wengine waliita ufundi. Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Toleo la Wii likafunga mlango huo. Turbo ikawa inaiva kwa muda unaodrifti na jinsi unavyoikata kona, si kwa kasi ya kidole gumba. Basi nyoka akafa? Alihamia kwenye pikipiki. Toleo hilo ndilo lililoleta pikipiki, nazo ziliweza kunyanyua tairi la mbele kwenye barabara iliyonyooka na kuongeza mwendo. Vigari vya magurudumu manne vilipewa kifuta machozi: turbo ya ngazi ya pili, yenye cheche za rangi ya chungwa, ambayo pikipiki hazina. Hakikutosha. Kwa waliocheza mtandaoni kwa bidii, sura waliyoizoea ni moja, Funky Kong juu ya pikipiki ya Flame Runner, tairi hewani.

Mario Kart 7 ikaziondoa pikipiki kabisa. Ya 8 ikazirudisha bila ule mwendo wa tairi la juu, na barabara iliyonyooka ikawa kimya tena, hadi wachezaji wa Wii U walipogundua kwamba ukiwa ndani ya turbo, ukirukaruka kushoto na kulia, turbo inadumu zaidi. Katika Deluxe mbinu hiyo ikaondolewa, na badala yake ikaongezwa ngazi ya tatu ya turbo kwa anayedrifti muda mrefu. Yaani watengenezaji waliongeza kazi ya kwenye kona badala ya kujaza barabara iliyonyooka. Na sasa Mario Kart World ya 2025 imeleta ruko la kuchaji: unashikilia kitufe cha kudrifti bila kukata kona, unaachia, kigari kinaruka, na ukiwa umelenga vizuri kinatua juu ya reli au kinapanda ukuta.

Ukishaliona swali hilo, mabishano mengi yanafunguka yenyewe. Shabiki wa Wii anayesema ya 8 imepoa hazungumzii kona wala rangi. Anakumbuka tairi lililokuwa hewani. Anayeapa kwamba DS iliharibiwa na nyokanyoka anasema anataka barabara iliyonyooka iwe mahali pa kupumua. Wote wawili wanazungumzia jambo moja wakidhani wanazungumzia mawili. Wakalishe, uwaulize: barabara inaponyooka, unataka mkono mwepesi ulipwe, au unataka watu wawe sawa hadi kona inayofuata? Hapo kila mmoja atalazimika kusema anachokitaka badala ya kutaja mwaka wake.

Mimi nina msimamo, na ninautoa ili upate cha kupinga. Tairi la juu la Wii ndilo jibu zuri kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na gharama. Ukiwa umenyanyua tairi huwezi kukata kona vizuri, na mtu akikugonga unapoteza mwendo. Kwa hiyo kila mara ulikuwa unapima: barabara ni ndefu kiasi gani, nani yuko ubavuni kwangu, nishushe lini. Nyokanyoka ya DS gharama yake ilikuwa kidole kuuma, na kurukaruka kwa Wii U vilevile. Mbinu isiyo na gharama haichaguliwi. Inakuwa lazima kwa kila anayetaka kushinda. Kosa la Wii lilikuwa kuzipa pikipiki peke yake mbinu hiyo. Kama vigari navyo vingepata chake, nadhani tusingekuwa na ubishi wa Funky Kong.

Swali la gharama ndilo zana ninayokushauri uibebe kwenye kila mjadala wa namna hii. Mtu akisifu kanuni yoyote, muulize anayeitumia anapoteza nini. Akikosa jibu, huenda anasifu kitu kilichokuwa lazima tu na si kitu kilichokuwa kizuri.

Sarafu zinapita mtihani huo kwa wepesi, ndiyo maana nashangaa zilivyokuwa zikiingia na kutoka. Katika Super Mario Kart, hadi ya kumi kila sarafu inakuongezea mwendo kidogo, na ukizimaliza ukigongwa na kigari kingine unazunguka kama pia. 64 ikazitupa, Super Circuit ya 2001 ikazirudisha, Double Dash, DS na Wii zikazitupa tena, ya 7 ikazirudisha kwa kiwango cha kumi, na World imepandisha kiwango hadi ishirini. Gharama yake iko wazi: sarafu mara nyingi haziko kwenye mstari mzuri wa kona. Sarafu ninayoikataa ni ile inayotoka kwenye kisanduku cha silaha, na nimeshaeleza kwa nini.

Kanuni moja inastahili kutetewa zaidi ya inavyotetewa, nayo ni ile ya watu wawili ndani ya kigari kimoja. Katika Double Dash mmoja anaendesha na mwingine anakaa nyuma na silaha, mnabadilishana katikati ya mbio, na kila jozi ina silaha yake maalumu: Baby Mario na Baby Luigi wana Chain Chomp, Donkey Kong ana ndizi kubwa kuliko kigari. Watu huizungumzia kama mapambo. Tazama majirani zake, utaona haikuwa mapambo. Katika toleo hilo huwezi kukokota silaha kama ngao, ukipigwa silaha zako zinadondoka barabarani na mwingine anaziokota, na aliyekaa nyuma katika kigari kingine anaweza kukuparamia ubavuni na kukupokonya ulichoshika. Silaha zilikuwa mali inayoibiwa. Ukiihamishia kanuni ya watu wawili kwenye 8 Deluxe peke yake, kama wengi wanavyoomba, utapata sura mbili kwenye kigari na nafasi mbili za silaha ambazo tayari unazo. Anayeiomba irudi aombe na wizi wake.

Ina faida nyingine ambayo mabingwa hawaioni. Shangazi asiyeweza kukata kona anaweza kukaa nyuma na kurusha vitu, na akafurahi kuliko dereva.

Kabla hamjafika mbali, kubalianeni pia mlicheza katika hali gani. Huu ni ushauri mdogo, lakini unaokoa muda. Mario Kart 64 ya watu wanne haina muziki wakati wa mbio. Ya mtu mmoja inao. Mario Kart 8 mkiwa watatu au wanne picha zinakwenda kwa fremu 30 kwa sekunde badala ya 60, na kidole kinaihisi tofauti hiyo hata kama jicho haliisemi. Aliyecheza Super Mario Kart peke yake alipambana na madereva wa kompyuta wenye silaha zao maalumu, wanazozitupa bila kuokota chochote. Aliyecheza na kaka yake bega kwa bega ana kumbukumbu nyingine kabisa ya gemu ileile. Idadi ya wanaoshindana nayo imepanda na kushuka: wanane katika matoleo ya mwanzo, kumi na wawili Wii, wanane tena ya 7, kumi na wawili ya 8, ishirini na wanne World. Kanuni ya silaha isiyoudhi kati ya watu wanane inaweza kukuchosha kati ya ishirini na wanne, hasa ukiwa katikati ya msafara, ambako kila kitu kinarushwa na hakuna aliyekulenga wewe. Na kama televisheni yenu ina hali maalumu ya gemu, iwasheni. Mashine ya zamani kwenye skrini ya kisasa inayochelewesha picha itaonekana ngumu kuliko ilivyokuwa, na mtamlaumu asiyestahili.

Jingine la kukagua ni usukani wa kusaidiwa katika 8 Deluxe. Uliwekwa kwa ajili ya watoto na wageni: unakuzuia usitumbukie shimoni na unakurudisha barabarani. Ni kanuni nzuri kwa aliyekusudiwa. Lakini unakuzuia pia kupita baadhi ya njia za panya, na turbo ya ngazi ya tatu huipati ukiwa umeuwasha. Watu wamewahi kubishana jioni nzima kuhusu kigari kipi kina kasi, kumbe mmoja wao usukani huo umewashwa na hajui. Utautambua kwa antena ndogo nyuma ya kigari. Kwenye ukurasa wa kuchagua kigari bonyeza kitufe cha +, uangalie, uuzime. Kwenye Wii kuna jambo linalofanana: aliyechagua uendeshaji wa otomatiki hapati turbo ndogo. Maoni yake juu ya drifti ya toleo hilo msiyatupe, ila myaweke mahali pake.

Mkitaka kulinganisha matoleo mawili kwa haki, tafuteni barabara iliyomo katika yote mawili. Coconut Mall inafaa sana. Ilizaliwa kwenye Wii, ikarudi katika ya 7, kisha ikaletwa 8 Deluxe mwaka 2022 pamoja na barabara za nyongeza. Jengo ni lilelile, ngazi za umeme ni zilezile. Kwenye Wii utaikimbia kwa pikipiki ukinyanyua tairi kwenye ukumbi. Kwenye ya 7 utakuwa unaokota sarafu. Kwenye Deluxe utashikilia drifti ndefu ukisubiri cheche za ngazi ya tatu. Tazameni hata maegesho ya mwisho. Kwenye Wii magari yale yanakwenda mbele na nyuma kukuziba. Yalipoletwa Deluxe yalikuwa yamesimama tu, wachezaji wakapiga kelele, na sasisho la baadaye likayafanya yatembee. Kitu kidogo kama hicho kinabadilisha sekunde za mwisho za mbio. Kimbieni kwanza kwa saa, bila wapinzani, kila mmoja akiwa na uyoga wake uleule, ili msikie drifti peke yake. Silaha zije baadaye.

Msitumie Rainbow Road ya 64 kwa kazi hiyo, ingawa ndiyo itakayotajwa kwanza. Kwenye 64 ilikuwa mizunguko mitatu mirefu kupita kiasi; kwenye ya 8 imegeuzwa safari moja iliyokatwa vipande vitatu. Mtu anayesema mpya ni bora na anayesema ya zamani ni bora wanazungumzia urefu, na kanuni za kuendesha hawajazigusa.

Kuna hoja mbili ambazo ningezikataa mlangoni. Ya kwanza ni ya mauzo. 8 Deluxe imeuza zaidi ya nakala milioni 60, na mtu atalitoa hilo mfukoni kama kadi ya ushindi. Switch yenyewe imeuzwa zaidi ya milioni 100, kwa hiyo namba hiyo inaeleza kwanza ni sebule ngapi zilikuwa na mashine. Ya pili ni ile ya ugumu, kwamba toleo lililokuwa gumu ndilo la watu wa kweli. Ugumu wa mbio za 200cc, zilizoongezwa mwaka 2015, unatokana na wewe kulazimika hatimaye kutumia breki, na hilo ni zuri kwa kuwa ni uamuzi. Ugumu wa kompyuta inayokufikia hata ukiwa umeendesha bila kosa, kama ilivyo katika 64, haukufundishi kitu.

Mario Kart World usiihukumu kwanza, kama ndiyo kwanza umeinunua. Malalamiko mengi dhidi yake yanahusu barabara ndefu zinazounganisha viwanja: katika mashindano ya kawaida unatumia sehemu kubwa ya mbio ukisafiri kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, na unaufaidi uwanja wenyewe mwishoni tu. Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini wengi wanaoyatoa wanaikimbia barabara ile kama vile wako kwenye ya 8, wakishikilia mafuta na kusubiri kona, ilhali kando yao kuna reli, nyaya na kuta zilizowekwa makusudi. Nenda kwanza kwenye kuzurura huru, utafute zile swichi za buluu zenye herufi P. Kila moja inakupa kazi fupi, na nyingi kati yake zinakufundisha ruko la kuchaji bila kukuambia kwamba ni somo. Kisha ingia Knockout Tour, ambako ishirini na wanne wanaanza na wanne wa mwisho wanatolewa katika kila kituo hadi wabaki wanne. Hapo hakuna anayeipuuza barabara iliyonyooka. Ukiwa wa ishirini na moja na kituo kinaonekana mbele, utaitafuta reli.

Ukimaliza hayo na bado unaiona barabara ni tupu, hoja yako ni halali, na ningependa kuisikia. Niambie tu gharama ya ruko la kuchaji ni nini, na kama inatosha.